Besi ya John Deacon na Masikio ya Detroit

Leo nataka tukae na wimbo mmoja tu, na ndani ya wimbo huo tukae zaidi na gitaa moja, gitaa la besi. Wimbo wenyewe unaitwa "Another One Bites the Dust", wa bendi ya Uingereza iitwayo Queen. Hata kama jina halikujii haraka, sikio lako linaujua. Unaanza na besi peke yake: mapigo matatu ya noti ileile, mazito, yamenyooka. Kisha kimya kifupi. Kisha matatu tena, ila safari hii vidole vinapanda kidogo juu ya uzi na kurudi pale pale vilipoanzia. Drams zinaingia kavu, hazina mwangwi hata chembe. Hakuna kinanda cha kujaza nafasi, hakuna kwaya, hakuna zile mbwembwe zilizoipatia Queen jina lake. Ni besi na nafasi tupu inayoizunguka, na sauti ya mwimbaji aliyekaza koo.

Tarehe 4 Oktoba 1980 wimbo huu ulishika namba moja kwenye Hot 100, chati kuu ya jarida la Billboard la Marekani, na ukakaa hapo wiki tatu. Kwao Uingereza uliishia namba saba. Ugenini uling'ara kuliko nyumbani. Kwa nini? Nitalijibu swali hili mapema ili tusizungushane. Waliouinua wimbo huu ni wasikilizaji weusi wa Marekani, na besi yake ilichotwa kwa mpigaji mweusi wa New York. Simulizi nyingi za Queen hulitaja jambo hili kwa sentensi moja na kukimbilia mbele. Mimi leo sina haraka.

Ukiitaja Queen, mtu wa Pwani atakujibu Freddie Mercury, na ana haki ya kujivunia. Freddie alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake la nyumbani Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi. Baba yake, Mzee Bomi, alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu enzi za Waingereza. Mtoto akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi Zanzibar akiwa kijana, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza na kuanza maisha upya Feltham, nje kidogo ya London. Leo pale Shangani, Mji Mkongwe, kuna makumbusho yenye jina lake, na watalii hawakauki mlangoni.

Ila wimbo wa leo hakuutunga yeye. Aliutunga yule ambaye ukitazama picha za bendi macho yako yanampita: John Deacon, mpigaji besi. Kijana wa Leicester, aliyezaliwa mwaka 1951, akasomea elektroniki Chelsea College jijini London, na kujiunga na wenzake mwaka 1971, wa mwisho kuingia na mdogo kuliko wote. Hakuwa mwimbaji. Hakupenda mahojiano. Ni mtu wa kushika vyuma na nyaya. Wapenzi wa Queen wanakijua kile kiamplifaya chake kidogo, alichokiunda kwa bodi ya saketi aliyoiokota kwenye taka barabarani, na ambacho Brian May, mpigaji wa solo, amekitumia studio kwa miaka mingi kutoa sauti ambazo mashine za bei mbaya hazikuweza kuzitoa. Wenzake watatu walikulia kwenye roki. Deacon tangu ujana wake alikuwa na sikio la pili, sikio la soul, muziki wa Wamarekani weusi. Ndilo lililomfikisha New York.

Mwaka 1979 New York ilikuwa na bendi iliyoitwa Chic. Nile Rodgers alipiga gitaa, Tony Thompson alipiga drams, na Bernard Edwards alipiga besi. Msikilizaji, kama unapenda muziki wa kucheza wa aina yoyote, una deni kwa huyu Bernard Edwards. Kabla yake besi katika nyimbo nyingi ilikuwa ya kushikilia nyumba isianguke. Yeye akaifanya iseme. Katika kiangazi cha mwaka huo walitoa "Good Times", ambao nao unasimama juu ya mapigo matatu ya noti moja, kisha nafasi, kisha besi inapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi unajikuta bega linatikisika lenyewe. Agosti 1979 ukashika namba moja Marekani. Edwards mwenyewe alieleza baadaye kwamba mpigaji besi wa Queen alikuja kukaa nao studio kwa muda, na kwamba wimbo wa Queen ulitokana na siku zile. Alisema hilo halikumuudhi. Kuna jambo lililomuudhi, nami nitalifikia.

Deacon akaondoka na mapigo yale matatu kichwani. Sitaki umwone mwizi. Ukiziweka besi mbili hizi pamoja utasikia kwamba mwanzo ni ndugu, lakini zinaachana njia. Besi ya Edwards inatembea kwa raha, ina tabasamu. Ya Deacon inarudi palepale kila mara, ina kitisho, kama mtu anayehesabu hatua kwenye ukumbi mtupu. Alichojifunza hasa kwa Chic ni ujasiri wa kuacha nafasi. Na kwa bendi ya roki iliyozoea kurundika sauti juu ya sauti, kuacha nafasi ni jambo gumu sana.

Wimbo ulirekodiwa Munich, Ujerumani, studio ya Musicland, iliyokuwa chini ya jengo refu la hoteli, mitambo ikishikwa na Reinhold Mack. Hapo ndipo utamu wa kazi ulipo. Deacon alitaka drams kavu, zisizopumua. Roger Taylor, mpiga drams, hakuupenda mtindo ule. Yeye ni mtu wa ngoma kubwa zenye kishindo. Lakini alikubali, akajaza mablanketi ndani ya drams zake hadi zikafa sauti, akapiga kipande kifupi. Kipande kile cha kanda kikakatwa kwa wembe, kikaungwa ncha kwa ncha, kikaachwa kizunguke chenyewe kwenye mashine, kikijirudia bila kuchoka na bila kukosea. Juu ya mzunguko huo Deacon akaweka besi, akaweka rizimu kwa mkono wake mwenyewe, akagusa na piano. Zile sauti za ajabu unazozisikia katikati, kama kitu kinavutwa kinyumenyume, ndivyo zilivyo kweli: ni piano na matoazi yaliyorekodiwa kisha kanda ikageuzwa. Brian May akaongeza milio ya gitaa iliyopitishwa kwenye mashine ya kubadili sauti, kidogo tu, kisha akakaa kando. Kwa mpigaji solo wa hadhi yake, kukaa kando nako ni kazi.

Nani aliyemtetea Deacon mle ndani? Freddie. Kijana wa Unguja aliupenda wimbo tangu mwanzo, na May amesimulia kwamba aliuimba kwa nguvu hadi koo likatoka damu. Usikilize tena kwa sikio hilo. Sauti ya Freddie katika wimbo huu haina ile hariri ya "Bohemian Rhapsody". Ina makwaruzo. Anabana maneno, anayatupa juu ya besi, anayaacha yadunde. Hakuutunga, lakini bila koo lile besi ya Deacon ingebaki zoezi zuri la studio.

Albamu yao "The Game" ilitoka Juni 30, 1980, na wimbo huu ukiwa wa tatu kwenye santuri. Wenyewe hawakuuona kama kibao. Roger Taylor amekiri mara nyingi kwamba alipinga wimbo huu kutolewa peke yake. Na tayari mwaka ulikuwa umewaendea vizuri Marekani: kuanzia Februari "Crazy Little Thing Called Love", aliyoitunga Freddie kwa kufuata rokenroli ya akina Elvis, ilikuwa imekaa namba moja wiki nne. Walikuwa na kila sababu ya kutobahatisha.

Lakini redio haiulizi ruhusa. Vituo vya Wamarekani weusi New York na Detroit vilianza kuuchukua wimbo huu moja kwa moja kutoka kwenye albamu na kuurusha hewani. Detroit, msikilizaji, ndiko ilikozaliwa kampuni ya santuri ya Motown. Watu wake walikuwa wamelishwa besi nzuri tangu James Jamerson, mpigaji besi wa Motown, alipokuwa akipiga kwenye studio yao, ile nyumba ndogo ya West Grand Boulevard. Huwezi kuwauzia besi mbovu. Na wasikilizaji wake wengi waliamini kabisa kwamba Queen ni bendi ya watu weusi. Redio haina sura. Inakuletea sauti tu, nawe unaamua kwa mwili wako kama inakufaa. Walipokuja kugundua kwamba waliopiga ni Waingereza wanne waliosoma vyuoni, mmoja wao mzaliwa wa Zanzibar, wimbo ulikuwa umekwishawaingia.

Julai mwaka huo Queen walipiga ukumbi wa Forum, Los Angeles, usiku kadhaa. Aliyefika nyuma ya jukwaa kuwaona ni Michael Jackson, kijana asiyetimiza bado miaka 22, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa albamu ya "Off the Wall" na kutikisa nchi. Akawaambia wautoe ule wimbo wa besi peke yake, kwamba ni kibao. Kisa hiki wamekisimulia wenyewe Queen, na sioni sababu ya kukitilia shaka. Nani angekuwa na sikio la kulitambua jambo hilo kumshinda Michael? Agosti singo ikatoka.

Hapa nieleze kidogo chati ya Marekani inavyofanya kazi, maana namba bila maana yake ni kelele. Mwaka 1980 Billboard haikuwa na kompyuta za kuhesabu kila santuri iliyouzwa. Hizo zilikuja mwaka 1991. Kila wiki maduka na vituo vya redio vilivyoteuliwa vilitoa taarifa: hiki kinauzika, hiki tunakipiga. Kutokana na taarifa hizo ikapangwa Hot 100, chati ya nchi nzima. Kando yake kulikuwa na chati nyingine zilizogawanywa kwa namna ambayo kila mtu aliielewa ingawa haikusemwa wazi: chati ya soul ilikuwa ya maduka na redio za watu weusi. Bendi ya roki ya Kizungu ilikuwa haina shughuli huko. "Another One Bites the Dust" ilipanda hadi namba mbili kwenye chati ya soul, na namba mbili vilevile kwenye chati ya disko. Kwa bendi yenye Brian May na gitaa lake la kujitengenezea, hilo ni jambo kubwa kuliko hata ile namba moja. Namba moja inaweza kununuliwa kwa matangazo mengi. Namba mbili ya soul, kwa wageni, inatoka kwa wenye muziki wao.

Na wimbo ulioondolewa kwenye kiti cha namba moja tarehe 4 Oktoba ulikuwa upi? "Upside Down" wa Diana Ross, uliokuwa umekaa pale wiki nne. Watunzi na wasimamizi wake: Bernard Edwards na Nile Rodgers wa Chic. Yaani Edwards aliondolewa kileleni na mwanafunzi wake. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na bado linanisisimua: kwa wiki saba mfululizo, kilele cha Marekani kilikuwa mikononi mwa fikra za mpigaji besi mmoja, kwanza kwa kazi yake mwenyewe, kisha kwa kazi ya mtu aliyekaa studio kwake. Na wengi walioinunua santuri ya Queen hawakuwahi kulisikia jina lake.

Sasa nifikie lile lililomuudhi. Baada ya Queen kushika namba moja, wapo waandishi wa muziki waliodai kwamba Chic ndio waliowaiga Queen. "Good Times" ilikuwa imetangulia kwa zaidi ya mwaka mzima! Edwards alisema wazi kwamba kwa watu wale haikufikirika kuwa wanamuziki weusi ndio waanzilishi. Aliisema kwa uchungu, na alikuwa na sababu zaidi ya moja.

Tarehe 12 Julai 1979, wiki chache kabla "Good Times" haijashika namba moja, uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago, ulijaa vijana waliokuja na santuri za disko mikononi. Mtangazaji mmoja wa redio ya roki, Steve Dahl, alikuwa amewaalika: njoo na santuri, lipa senti 98 tu. Santuri zikarundikwa kwenye kasha kubwa katikati ya uwanja na kulipuliwa kwa baruti kati ya mechi mbili. Maelfu wakavamia uwanja, nyasi zikachomwa, mechi ya pili ikashindikana na timu ya Detroit, waliokuwa wageni, ikapewa ushindi wa mezani. Kijana mmoja mweusi aliyekuwa mhudumu pale siku ile ameeleza kwamba nyingi kati ya santuri alizoziona hazikuwa za disko hata kidogo. Zilikuwa za watu weusi, basi. Baada ya kiangazi kile, redio nyingi za Marekani ziliogopa kila kilichonukia disko. Chic hawakuingia tena kwenye nyimbo 40 za juu za Hot 100 kwa jina lao. Mwaka mmoja baadaye, besi ya aina ileile, ikipigwa na bendi ya roki, ilifunguliwa milango yote.

Sisemi hivi ili kumpunguzia Deacon. Deacon alifanya lililo sahihi: alisikiliza, akajifunza, akatunga chake. Wala Freddie hana kosa. Ninachosema ni kwamba katika nchi ile mlango haukuwa mmoja kwa wote, na anayesimulia mafanikio ya Queen Marekani bila kuutaja mlango ule anatoa hadithi nusu.

Queen nao walikuja kuuona mlango huohuo kwa upande wa pili. Mwaka 1982 walitoa "Hot Space", albamu iliyozama zaidi kwenye fanki na disko. Redio za roki za Marekani zikawageuzia kisogo. Mwaka 1984 Deacon akaleta kibao kingine, "I Want to Break Free", na wanne wale wakavaa nguo za kike kwenye video kwa utani wa tamthilia ya Kiingereza. Uingereza walicheka. MTV ikaikataa, na wimbo ukaishia namba 45 Marekani, wakati kwingineko duniani ulikuwa ukiimbwa viwanjani. Freddie hakupanda tena jukwaani Marekani na bendi yake baada ya Septemba 1982. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, na mwaka uliofuata filamu ya vichekesho, "Wayne's World", ikairudisha "Bohemian Rhapsody" hadi namba mbili Marekani, ambako mara ya kwanza, mwaka 1976, ilikuwa imeishia namba tisa. Kwa hiyo hesabu ya Queen na Marekani ni hii: namba moja mbili tu, zote za mwaka 1980, moja ya rokenroli na moja ya fanki. Nyimbo zao za mtindo wao wenyewe, zile za kwaya na opera, hazikufika. Marekani iliwapa kilele pale tu walipoipigia muziki uliozaliwa kwake, na aina zote mbili zilizaliwa kwa watu weusi.

Kuna mmoja aliyeyaelewa haya yote mapema na hakuandika makala. Ni DJ Grandmaster Flash, mtoto wa Bronx, New York, mwenye asili ya Barbados. Mwaka 1981 alitoa santuri inayoitwa "The Adventures of Grandmaster Flash on the Wheels of Steel". Hakuna bendi ndani yake. Ni mikono yake tu na santuri za watu wengine zikizunguka. Humo akaiweka "Good Times", akaiweka "Another One Bites the Dust", akaiunga moja na nyingine papo kwa papo bila mapigo kuyumba. Wakati waandishi wanabishana nani kamwiga nani, Flash alizilaza besi mbili kitanda kimoja na vijana wa Bronx wakacheza. Kwa kuunga santuri namna hiyo ndivyo hip-hop ilivyojengwa.

Bernard Edwards alifariki Tokyo tarehe 18 Aprili 1996, akiwa na miaka 43, siku moja baada ya kupiga na Chic kwenye ukumbi wa Budokan. Hadi siku ya mwisho alikuwa na besi mkononi. John Deacon aliacha muziki miaka michache baada ya kifo cha Freddie, na haonekani hadharani.

Msikilizaji, na hasa nyinyi watangazaji wenzangu mnaoupenda wimbo huu na kuuweka kila ifikapo kumbukumbu ya Freddie pale Zanzibar na kwingineko: nawaomba jambo moja. Msiuweke peke yake. Tangulizeni "Good Times", muache ipige hadi besi ibaki peke yake katikati, kisha ndipo muingie na Queen. Na mkishautaja mji wa Munich, na jina la Deacon, na la Freddie, litajeni na la Bernard Edwards, hewani, kwa sauti, ili wasikilizaji walijue.